Jina Moja, Sauti Mbili

Likizo iliyopita flashi yetu ya nyumbani Tarime ilijaa. Basi nikafungua Total Commander, nikatafuta mafaili yaliyorudiwa, kwa jina tu. Yakatokea mawili katika folda mbili, yote yakiitwa “Bibi”. Nilipotaka kufuta moja, kaka akanishika mkono: “Tazama kwanza ukubwa!” Kumbe hayakulingana. La kwanza lilikuwa sauti ya marehemu bibi yetu wa Tarime. La pili, ya bibi wa Mugumu, Serengeti. Na kitu kikifutwa katika flashi, kwa kawaida hakiendi pipani. Nikatafuta upya kwa ukubwa na yaliyomo. Ndipo nikafuta nakala za kweli, hata zenye majina mbalimbali. Wenzangu, jina peke yake si ushahidi.