Kutoka Masisi hadi Walikale: Shamba Lisilo na Mlinzi

Mwenye kuishika njia ya Masisi kuelekea magharibi huona nchi mbili katika safari moja. Kwanza ni vilima virefu, malisho ya ng'ombe, mashamba ya maharagwe na mahindi. Halafu njia yateremka, joto lazidi, na msafiri aingia katika msitu mkubwa wa Walikale, unakopita mto Lowa. Huko watu hulima mpunga, mihogo na ndizi, na michikichi husimama karibu na nyumba.

Juu ya michikichi hiyo hukaa mwizi hodari: kwera, ndege mfumaji, ambaye dume lake lina mwili wa manjano, kichwa cheusi na macho mekundu. Dume huchana majani ya mchikichi na ya mgomba vipande vyembamba, akafuma kiota. Jike asipokipenda, hukibomoa akaanza upya. Mti wenye viota vingi hubakiwa na makuti matupu, na mazao yake hupungua. Mpunga ukianza kutia maziwa, kundi zima hushuka shambani asubuhi na jioni.

Hata hivyo, kumwangamiza si shauri jema. Makinda yake hulishwa wadudu, na wengi wao ni adui wa mimea yetu. Tena sumu haichagui: katika nchi ya Kenya, fenthioni iliyonyunyizwa juu ya makundi ya kweleakwelea iliua pia ndege wasio na hatia.

Dawa ya kweli ni watu. Majirani wakipanda wakati mmoja, hasara hugawanyika, wala shamba moja haliliwi peke yake. Wakipeana zamu za kuwafukuza ndege kwa kelele, mikebe na makombeo, watoto hawalazimiki kukosa masomo majuma mazima. Na mpunga ukiiva, uvunwe pasipo kukawia.

Lakini zamu zahitaji watu. Tangu mwaka 1993 vita vimewahamisha wenyeji wa sehemu hizi tena na tena; Januari 2025 vilifika Masisi mjini, na Machi mwaka huo huo vikafika Walikale. Aliyekimbia majuma mawili mpunga ukiwa na maziwa, hurudi akakuta mabua.

Kwa hiyo, wanaorudi wasianze kila mtu na jembe lake peke yake. Yafaa wakutane kwanza, wapatane siku ya kupanda na zamu za kulinda. Mkulima mmoja hawawezi ndege. Kijiji kilichopatana chawaweza.