Reli ya Shibiri Mbili na Ushei: Safari ya Matheran na Baba

Jumatatu baba alitakiwa kuingia chumba cha upasuaji mjini Mumbai. Ijumaa, vipimo vilipokamilika, akaniuliza kama karibu na hapo kuna treni ya kwenda popote. Nilicheka. Mtu ametoka Tabora mpaka India kutibiwa moyo, halafu anaulizia treni!

Lakini baba alitumikia reli miaka thelathini na moja. Alianza kwenye gangi la kubadilisha mataruma, akastaafu akiwa mnyapara. Mimi naishi Leicester, na katika miaka kumi na miwili tulikuwa tumeonana mara tatu tu, kila mara kwa wiki mbili. Daktari aliruhusu matembezi ya siku moja, mradi baba asipande milima kwa miguu. Nikamwambia, "Baba, ipo treni inayopanda mlima yenyewe."

Jumamosi alfajiri tulichukua treni ya kawaida ya Mumbai iendayo Karjat, tukashuka Neral. Hapo, kando ya reli kubwa, kuna reli ndogo kama imesahauliwa na watoto. Kabla sijamzuia, baba alikwisha chuchumaa, anapima kwa mkono kutoka chuma hadi chuma.

"Shibiri mbili na ushei," alisema. "Mama, hii si reli, hii ni ngazi iliyolazwa chini."

Hakukosea sana. Reli kubwa za India zina upana wa milimita 1,676. Reli yetu ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, ina milimita 1,000. Hii ya Matheran ina 610 tu. Wenyeji wenyewe huiita treni ya kuchezea.

Reli nyembamba hazikuanzia hapa. Ya kwanza India ilifunguliwa mwaka 1862 kule Gujarat, kutoka Dabhoi hadi Miyagam, katika nchi ya Gaekwad wa Baroda, na mabehewa yake yalivutwa na ng'ombe! Mwaka 1881 reli yenye upana kama huu wa Matheran ilifika Darjeeling, kwenye milima ya Himalaya. Sababu ni ile ile anayoijua kila fundi wa njia: reli ikiwa nyembamba, treni huweza kupinda kona kali. Unaufuata mlima ulivyo badala ya kuuvunja, na gharama inapungua.

Matheran iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1850 Hugh Malet, mkuu wa wilaya ya Thane, alipapanda na kupapenda, na baada yake Waingereza wa Bombay wakawa wanakimbilia huko kila joto lilipozidi. Shida ilikuwa njia. Kutoka Neral ulipanda kwa farasi, kwa miguu, au ukabebwa na watu kwenye machela.

Aliyebadilisha hayo hakuwa Mwingereza. Sir Adamjee Peerbhoy alikuwa tajiri wa Bombay, Mbohora, wa jamaa ile ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa maduka yake Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Husimuliwa kwamba siku moja alifika Neral akakosa farasi na machela, akaapa kuwa atarudi siku atakapoweza kupanda kwa treni. Mwanawe, Abdul Hussein, ndiye aliyeitimiza nia hiyo. Ujenzi ulianza mwaka 1904, njia ikafunguliwa mwaka 1907, na gharama yake, rupia 1,600,000, ilitoka katika mifuko ya familia. Injini za kwanza zilitengenezwa Ujerumani na Orenstein & Koppel. Magurudumu yake ya mbele na nyuma yaliweza kuchezacheza kidogo ili yafuate kona.

Baba alifurahi kusikia habari ya Wajerumani. Kisha akauliza, "Na waliobeba mawe, wao waliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Jina la tajiri lipo kila mahali. Majina ya gangi sikuyaona popote.

Siku hizi kichwa cha treni ni cha dizeli. Njia ina urefu wa kilomita 21, na safari huchukua zaidi ya saa mbili, kwa sababu treni inazunguka kama mtu anayetafuta mlango. Unaiona stesheni uliyotoka iko chini ya miguu yako, ukigeuka iko upande mwingine. Nyani wanakaa kandokando wakisubiri maganda ya ndizi. Handaki ni moja tu, fupi sana, nalo huitwa Handaki la Busu Moja, kwa kuwa giza lake halitoshi mabusu mawili. Nilipomtafsiria baba, alijifanya hakusikia.

Njia nzima alikuwa ananionyesha vitu ambavyo singeviona: mawe ya kokoto yaliyopungua chini ya taruma, mfereji wa maji uliozibuliwa karibuni. "Hapa mvua ndiyo adui," alisema. Ni kweli. Mafuriko ya Julai 2005 yaliiharibu reli hii, ikafunguliwa tena mwaka 2007. Mvua za 2019 ziliibomoa mara nyingine, na treni haikupanda tena kutoka Neral mpaka Oktoba 2022.

Nilikuwa nimekua nikiiona kazi ya baba kama nguo zenye mafuta na mshahara unaochelewa. Siku ile ndipo nilipomwona fundi.

Matheran magari hayaruhusiwi. Tulipokwenda, mizigo na watu walikuwa wakibebwa na farasi au mikokoteni inayovutwa kwa mkono. Nilitaka kumkodia mkokoteni, akakataa. "Mimi sivutwi na mtu." Tukakaa kwenye benchi la stesheni, tukanywa chai.

Nikamwambia yule Abdul Hussein alikuwa mtoto wa maana, kumjengea baba yake reli. Baba alizungusha kikombe chake mkononi.

"Mama, mimi usinijengee kitu. Fedha unazotuma zinafika, nashukuru. Njoo nyumbani ukae, siyo upite."

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi. Yuko Tabora, anatembea hadi stesheni kila jioni. Mimi nimeomba likizo ya miezi mitatu bila malipo, nimekubaliwa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunawapeleka wazazi India kwa matibabu, na siku za kusubiri zinapotea hotelini. Ukiwa Mumbai, na daktari akiruhusu, nenda Neral. Fika asubuhi mapema, maana viti ni vichache. Usiende msimu wa mvua, kuanzia Juni hadi Oktoba, kwani treni haipandi kutoka Neral. Beba sweta ya mzee. Na mkifika juu, msiwe na haraka ya kushuka.