Maji Maji huanzia kwenye pamba

Nafundisha Maarifa ya Jamii hapa Songea, na tukifika kwenye Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani sianzi na tarehe. Naanza na pamba. Ubaoni naandika swali moja tu: ukilazimishwa kulima shamba la pamba msimu ambao kwenu mnapanda mahindi, mwakani mtakula nini? Watoto wa huku shamba wanalijua. Wakishabishana ndipo nawaambia kwamba Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa ile pamba. Tarehe hiyo hawaisahau, maana sasa wanajua chanzo chake.

Kazi ya nyumbani ni kuuliza wazee, na hapo ndipo somo linaponoga. Mmoja anarudi na habari kwamba Kinjekitile Ngwale, aliyewagawia wapiganaji maji ya kuzuia risasi, alikuwa mganga, mwingine kaambiwa alipandwa na pepo, wa tatu babu yake kasema yale maji yalikuwa uongo mtupu. Siharakishi kusahihisha. Nawauliza: nani kakwambia, na yeye alisikia kwa nani? Mtoto wa darasa la sita akizoea swali hilo, hata uzushi wa kwenye simu haumwingii kirahisi.

Halafu tunafika kwa waliokufa. Wajerumani walitaja watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye, wakihesabu na waliokufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala, wamefika 250,000 hadi 300,000. Naziandika hesabu zote, nagawa darasa pande mbili, kila upande utetee yake. Kwa kelele hizo mwalimu wa chumba cha pili huja kuchungulia dirishani. Safari moja binti wa dawati la nyuma, ambaye hata kunyoosha kidole huona haya, aliuliza: "Mwalimu, aliyechoma ghala ndiye aliyehesabu maiti?" Kitabu cha kiada hakina swali hilo.

Wenzangu husema mtihani wa darasa la saba unadai mada zote na vipindi havitoshi. Havitoshi kweli. Mimi nyingine nazipita mbio, wala sioni aibu.

Sisi tuna bahati ya makumbusho ya Maji Maji na kaburi la wapiganaji walionyongwa mwaka 1906. Wewe uliye mbali na makumbusho una soko, una mto, una wazee kijijini. Muhula ujao chagua mada moja, uwatume watoto wakaulize kwanza, ndipo ufungue kitabu.