Dagaa Si Mmoja

Msafiri ashukapo asubuhi katika mwalo wa Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma, huona ufuko uking'aa kama fedha. Ni dagaa walioanikwa juani, waliovuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi. Tulipouzuru mwalo huo tulimwuliza mama mmoja mwanikaji kama wale wote ni wa namna moja. Akajibu, "La, Maalim. Hapa mna wawili, na pengine watatu."

Wa kwanza ndiye dagaa hasa, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Huyu ni mwembamba, aghalabu hazidi sentimita 10, na maskani yake ni maji ya katikati ya ziwa. Wa pili ni lumbu, yaani Limnothrissa miodon. Yeye ni mpana zaidi na aweza kufika sentimita 17. Hukulia kandokando ya ziwa, naye akisha komaa huenda kilindini akamla huyo mwenziwe. Wa tatu ni mtoto wa mgebuka. Mpapase mgongoni: pezi lake lina miiba.

Tofauti hizi si za macho tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vya dagaa na vya lumbu vilichukuliwa Tanganyika vikatiwa katika Ziwa Kivu. Lumbu peke yake ndiye aliyestawi, na leo watu wa Bukavu na Goma humla kwa jina la sambaza.

Tena yuko dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, ambaye hana hata udugu na hao. Wale wa Kigoma ni wa ukoo wa simu, samaki wadogo wa bahari yetu. Huyu ni wa ukoo mmoja na ningu. Kwa kuwa dagaa wa Kigoma huuzwa kwa bei ya juu, wako wachuuzi wawachanganyao. Basi mnunuzi na atwae mmoja mzima, apitishe kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani. Wa Kigoma atamkwaruza kama msumeno mdogo. Wa Mwanza tumbo lake ni laini.

Mwenye kuchanganya humdhulumu mnunuzi, na nyavu zikokotwazo ufukweni huwadhulumu hata wasiozaliwa, kwani huzoa lumbu wachanga kabla hawajazaa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana.

Enyi wazazi, kabla dagaa hawajatiwa chunguni, wamwageni katika sinia, mwaite watoto wawachambue. Mtoto aliyezoea kupambanua vitu vinavyofanana hatadanganywa upesi sokoni, wala hatakuwa mwepesi wa kudanganya.