Usiku Mmoja kwenye Njia ya Misafara

Miaka mingi imepita sasa. Wakati ule njia ilikuwa na usalama, nikatoka Kabambare na vijana kumi na wawili, tukashika njia ya Kasongo kwa miguu. Tulibeba unga, chumvi, sufuria moja na bashi ya kulalia chini yake.

Njia hii si ya jana. Misafara ya pembe na watumwa ilipita huku kwenda Ujiji mpaka pwani. Livingstone alifika Kabambare mwaka wa 1869, na mwaka wa 1870 vidonda vya miguu vilimlaza hapo miezi. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki. Tippu Tip alianza kukaa Kasongo mwaka wa 1875, na mwaka wa 1893 majeshi ya Dhanis yakauteka mji.

Usiku wa pili tulilala porini, karibu na kijito. Tulipokuwa tunaota moto, kijana mmoja akamcheka mwenzake: «Nkambo yako alikuwa mungwana. Njo alifunga betu na minyororo!» Mwenzake akasimama, panga la kukatia kuni mkononi.

Niliruka katikati yao. Wote walingoja mahubiri, lakini mahubiri hayakuja. Nikawaambia jambo ambalo hata mke wangu sikuwa nimemwambia: «Baba ya mama yangu alizaliwa na mwanamke aliyenunuliwa kwa chumvi. Nkambo ya baba yangu alibeba bunduki ya msafara. Basi mniambie, nijikate upande gani?»

Kimya. Panga likarudi kwenye kuni. Baadaye yule aliyecheka alitoa kiazi ndani ya majivu, akakivunja vipande viwili, akampa mwenzake kimoja.

Wazazi wapenzi, kwenye mashimo ya dhahabu vijana wetu bado wanaulizana: «Wewe ni wa wapi?» Na wakati mwingine swali lile linaleta damu. Tusiwaambie watoto nusu ya habari, ile nusu tunayoipenda tu. Hata Kiswahili hiki tunachoombea kila asubuhi kilifika kwetu kwa njia ile ile ya minyororo, na Mungu hakukataa kukisikia.