Jumatano Zangu za Kupumzika



Tangu shule ifunguliwe mwezi wa Septemba, wengi mmeniuliza kwa nini siku ya Jumatano sipokei simu mchana kutwa. Wakubwa mmeniuliza kwa kuzunguka, kama ilivyo adabu yetu. Watoto wa darasa la pili wameniuliza moja kwa moja, kama ilivyo adabu yao. Nimeona nijibu hapa ili wote mpate jibu moja.

Nina saratani ya titi. Ilitibiwa, ikatulia miaka minne, kisha ikarudi na kuingia kwenye mifupa. Madaktari wangu hawazungumzi tena habari ya kuiondoa, wanazungumza habari ya kuizuia isikimbie. Nameza vidonge kila siku. Kuna wiki nzuri na wiki mbaya. Na kila Jumatano nakwenda hospisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kisha narudi nyumbani kwangu.

Neno hospisi linatisha. Nilipomwambia mama yangu aliyeko Tanga, kwa simu ya video, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mwanangu, ndiyo wamekukatia tamaa?" Wengi wetu tunaijua hospisi kama nyumba ya kufia. Ni kweli wapo wanaolazwa pale siku zao za mwisho, na wanatunzwa vizuri. Lakini wengi wanaohudumiwa na hospisi hapa Uingereza wanaishi majumbani mwao. Nikamjibu, "Hapana, mama. Siendi kulazwa, naenda kupumzika, na jioni napika mwenyewe." Siku ile hakuridhika. Aliridhika wiki ya tatu, aliponitazama usoni akasema, "Leo umelala."

Siku yenyewe haina makubwa. Dereva wa kujitolea, mzee mmoja mstaafu, anakuja kunichukua kwa gari lake. Tukifika tunakunywa chai. Muuguzi anakaa na kila mmoja wetu faraghani: maumivu yakoje, usingizi je, vidonge vya maumivu vimefunga choo? Mambo ambayo hospitalini huna muda wa kuyasema, hapa yanasikilizwa hadi mwisho. Baadaye kuna mazoezi mepesi tukiwa tumekaa vitini, na anayetaka hukandwa mikono na miguu kwa mafuta. Wengine huchora, wengine hufuma. Mimi hupenda kukaa dirishani nikitazama bustani, na hakuna anayeniuliza nafikiria nini. Baada ya chakula cha mchana nusu yetu husinzia, wala si aibu.

Mpango huu una historia yake. Cicely Saunders alikuwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice kusini mwa London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Yapo ya moyo, yapo ya familia na fedha, yapo ya roho, na yote hutibiwa pamoja. Mwaka 1975, St Luke's Hospice ya Sheffield ilianzisha huduma ya mchana, ili mgonjwa aje, atunzwe, arudi kwake. Hata kwetu Afrika Mashariki kazi hii, ambayo kwa Kiswahili huitwa tiba shufaa, ipo siku nyingi. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ilianza Kampala mwaka 1993. Nilimtajia mama hayo pia, asije akadhani ni mambo ya Wazungu tu.

Kwa mgonjwa ni bure. Sehemu tu ya fedha hutoka serikalini, na nyingi hutoka kwa watu. Watoto, lile duka la mitumba mnalonunua vitabu na vikombe, likiwa na jina la hospisi mlangoni, basi pauni yenu moja imemnunulia mtu kikombe cha chai.

Mtasema: kwani nyumbani huwezi kupumzika? Nitawajibu kwa upendo. Kwetu mgonjwa hapumziki. Kumkagua mgonjwa ni jambo kubwa katika mila zetu, na katika nchi hii, ambapo jirani anaweza kukaa mwaka mzima bila kulijua jina lako, ni hazina. Nilipotoka hospitali friji haikufungika kwa vyakula mlivyoleta, na sitausahau wema huo. Lakini mgeni akiingia, mwenye nyumba huinuka. Hata akiambiwa asiinuke, moyoni ameshainuka: chai ipo? Sebule imefagiwa? Kisha inakuja kazi ya pili, ya kusimulia ugonjwa tangu mwanzo. Kisha ya tatu, ya kumtuliza mgeni anayelia. Wageni watano kwa siku ni masimulizi matano. Mbele ya watoto wangu najikaza. Mbele ya mume wangu najikaza. Kwenye simu na mama ndiyo najikaza kabisa. Kujikaza kunachosha kama kufua mablanketi kwa mkono.

Jumatano sijikazi. Wenzangu pale wote wanaumwa, kwa hiyo hakuna wa kumtuliza wala wa kumficha. Tunazungumzia mpira na bei ya nyanya. Siku moja tukizungumzia kifo, tunakizungumzia kwa sauti ya kawaida, kisha tunaomba chai nyingine. Na nyumbani, mume wangu hulala saa mbili mchana bila kutega sikio kama nimekohoa. Mapumziko hayo ni yake pia.

Katika kundi letu la watu 12 kuna bibi mmoja mzaliwa wa Bukavu, mwenye ugonjwa wa moyo, maana hospisi si ya saratani tu. Wiki ya kwanza alikaa kimya, kwa kuwa Kiingereza chake ni kidogo. Nilipomsikia akijisemea "Mungu wangu" wakati wa kuketi, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Aligeuka kama aliyeitwa na ndugu yake. "Uko mutu wa wapi, mama?" Tangu siku hiyo tunakaa meza moja. Yeye anasema mutu, mimi nasema mtu, na tunaelewana.

Ameniruhusu niwaambie jambo moja. Hospitalini alikuwa akitafsiriwa na mjukuu wake wa miaka 11. Mtoto huyo ndiye aliyesikia kwanza kwamba moyo wa bibi yake hautapona. Alisikia kwa Kiingereza, akatakiwa aseme kwa Kiswahili. Akasema, "Bibi, daktari anasema upumzike." Bibi alielewa zaidi ya alichoambiwa, kwa jinsi mtoto alivyokuwa akitazama sakafu. Hospisi waliomba mkalimani mara moja.

Kwa hiyo, wazazi, nina maombi matatu. La kwanza: katika hospitali za umma hapa mna haki ya mkalimani, bila malipo. Mwombeni mapema, na mtoto mwacheni awe mjukuu. Kiswahili tunachowafundisha Jumamosi ni cha kuzungumza na bibi, si cha kumpelekea habari kama zile. La pili: kama kuna mgonjwa mzito nyumbani, muulizeni daktari wenu wa mtaa au muuguzi kuhusu siku za mchana za hospisi. Msisubiri siku za mwisho, maana huduma hii huwafaa hata walio na miezi au miaka mbele yao. La tatu: endeleeni kutukagua. Pigeni simu kwanza, kaeni robo saa, leteni chakula katika vyombo visivyodai kurudishwa, na tukisinzia mkiwapo, hayo yawe ndiyo mapokezi mazuri.

Na nyinyi watoto wa darasa la pili, mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, utakufa?" Wenzake walimziba mdomo. Msimzibe, aliuliza vizuri. Ugonjwa wangu hauondoki, na huenda siku moja utanishinda. Siku hiyo haijulikani, na leo si siku hiyo. Hauambukizi, kwa hiyo mnaweza kunikumbatia, ila mwenye mafua asubiri apone. Mkiniona nimechoka, niulizeni, "Mwalimu, tukuletee kiti?" Swali hilo limenifaa kuliko pole nyingi.

Jumamosi ijayo tunaendelea na ngeli ya KI-VI. Kila mtoto aje na majina ya vitu vitano vya jikoni kwao. Majina tu, vyombo viacheni nyumbani.

Mwalimu wenu wa darasa la pili