Mmea wa Kuliwa

Kila nikizuru nyumba za jamaa zetu hapa Texas hukuta bustani nyuma ya nyumba, na ndani yake mchicha, bamia, pilipili, wengine hata muhogo kwa ajili ya kisamvu. Hiyo ni desturi yetu na sina la kuongeza. Leo nataka kuwaeleza juu ya mimea ninayoipanda ili iliwe na viwavi, jambo ambalo limenifanya nichekwe katika mikusanyiko miwili mitatu ya Idi, na ambalo mwaka 2024 liliingia katika mashauri ya familia yetu kwa namna ambayo sikuitazamia.

Naishi Houston. Nyumba tuliyonunua ilikuwa na kichaka kando ya ua, chenye maua mekundu na manjano, na ukivunja jani lake hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Jirani yetu, bibi mmoja Mmeksiko, ndiye aliyenieleza kuwa huo ni mmea wa asklepia, na kwamba kiwavi wa kipepeo aitwaye monaki hali kitu kingine ila majani ya jamaa ya mmea huo. Asklepia ikikosekana, monaki hakuna.

Yai lake ni dogo kama kichwa cha pini, limebandikwa chini ya jani. Baada ya siku nne hivi hutoka kiwavi, akala ganda la yai lake kwanza, kisha akaanza jani, na kwa muda wa wiki mbili kazi yake ni hiyo tu. Sumu iliyomo katika utomvu haimdhuru. Huiweka mwilini mwake, na ndege akimla hutapika, hatarudia tena. Ndiyo maana huvaa mistari myeusi, myeupe na ya manjano bila kujificha, kama mtu anayejua hadaiwi.

Mamangu alikuja kututembelea Mei 2024 kutoka Malindi, kwa ruhusa ya miezi sita. Siku ya pili tu alikuwa nje na kanga yake, akikagua. Akafika kwenye mdimu nilioupanda katika pipa, akaona juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege. Akakigusa kwa kijiti. Kikatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ndiye atumaliziaye midimu nyumbani."

Hakukosea sana. Yule wa kwetu ni Papilio demodocus na huyu wa hapa ni Papilio cresphontes, lakini ni watoto wa ukoo mmoja: wote hupenda majani ya midimu na milimau, wote utotoni hujifanya kinyesi cha ndege, na wote hutoa pembe wakichokozwa. Huyu wa hapa akishaota mbawa, huwa na upana wa sentimita 10 na zaidi kutoka ncha hadi ncha.

Nilipomwambia kuwa mdimu ule sikuupanda kwa ajili ya ndimu, bali kwa ajili ya huyo huyo, alinitazama kwa muda. Nikamkumbusha watu wa upande wa Gede. Tangu mwaka 1993 kuna mradi uitwao Kipepeo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambapo wakulima hufuga viwavi kwa majani ya msituni, kisha huuza pupa, yaani kile kifuko anamolala kiwavi kabla hajatoka na mbawa. Pupa hizo husafirishwa kwa ndege mpaka kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani.

"Hao hulipwa, mwanangu," akasema mama. "Wewe walipwa nini?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Lakini kwa yeyote kati yenu atakayetaka kujaribu, nitasema machache. Ukinunua mche dukani, uliza kwanza kama umetiwa dawa ya wadudu, kwa kuwa zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea wenyewe, na kiwavi hufa kwa kula jani ambalo kwa macho ni zima. Panda miche mingi, maana viwavi wachache tu waweza kuuacha mche mmoja vijiti vitupu, na mtu asiyezoea huona bustani yake imeharibiwa, kumbe ndipo imefanya kazi. Vidukari vya manjano vitakuja; vifute kwa vidole au kwa maji, usipige dawa. Osha mikono baada ya kuvunja jani, utomvu ule ukiingia jichoni ni balaa. Na ukiweza, panda asklepia za asili ya pale unapoishi. Mbegu zake nyingi hazioti mpaka zionje baridi, hivyo mimi huziweka katika karatasi yenye unyevu ndani ya friji kwa wiki nne hivi. Mama alizikuta karibu na samaki wake akaniuliza kama nimeanza uganga.

Julai 8 kimbunga Beryl kilitupiga. Ua ulianguka, umeme ukakatika siku nne. Mama alikuwa mtulivu kuliko sisi sote, akatupikia uani kwa mkaa, huku akitutania kwamba umeme wa Malindi hukatika pia lakini hurudi. Kile kichaka chekundu kililala chini, na baada ya wiki tatu kikawa kimechipua upya.

Hapo ndipo pana shida yake. Kichaka hicho ni Asclepias curassavica, mgeni kutoka nchi za joto za kusini. Asklepia za asili ya Texas hunyauka majira ya baridi yakikaribia, lakini huyu, kwa baridi yetu ndogo ya Houston, huendelea kuchanua. Monaki wa vuli hawakuumbiwa kukaa hapa. Wale wa kiangazi huishi wiki mbili mpaka sita basi, lakini kizazi cha mwisho cha mwaka huishi miezi minane au tisa, hutoka mpaka Kanada, wakapitia Texas Oktoba na mwanzo wa Novemba, wakaenda kulala juu ya misonobari katika milima ya Michoacán na jimbo la México, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Jirani yangu asema kwao, vipepeo hao wakifika siku za kukumbuka wafu, wazee husema ni roho zinarudi nyumbani. Majira ya baridi ya 1996–97 walifunika zaidi ya hekta 18 za msitu huko. Yale ya 2023–24 walifunika hekta 0.9.

Basi, baadhi yao wakikuta majani mabichi hapa kwetu, huvunja safari, wakataga na kukaa. Na kuna kijidudu kisichoonekana kwa macho ambacho humwagika kutoka mwilini mwa kipepeo juu ya majani. Kiwavi hukila, na akija kutoka katika pupa huwa dhaifu, wengine mbawa zimekunjamana, hawaruki. Mmea usiponyauka uchafu huo huzidi kujikusanya, kizazi juu ya kizazi. Kwa hiyo wataalamu husema kichaka hicho kikatwe kila mwaka mwezi wa Oktoba, kibaki visiki vya sentimita 15 hivi.

Wakati huohuo, jioni baada ya jioni, mimi na ndugu zangu tulikuwa kwenye simu. Kaka yetu aliyeko Leicester na dada wa Muscat walikuwa na rai moja: mama asirudi Novemba. Baba hayupo tena, nyumba ya Malindi ni kubwa kwa mtu mmoja, sukari yake hupanda, na hapa ana wajukuu. Fomu ya kuomba muda zaidi nilikuwa nimeshaijaza. Wanangu walishaanza kumwambia, "Bibi, wewe huendi." Naye hakujibu ndiyo wala la.

Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba nilitoka na mkasi wa bustani. Kichaka kilikuwa kimejaa maua. Mama alikasirika, mtu anakataje maua yaliyochanua? Nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi. Akauliza, wakibaki wanakufa? Nikasema si wote, lakini wengi huugua. Akanisaidia kuwahamisha viwavi tisa, mmoja mmoja kwa kijiti, mpaka kwenye asklepia ya asili iliyokuwa bado na majani. Kisha akachukua mkasi akakata mwenyewe, akiacha visiki.

Alipomaliza akauliza, "Tiketi yangu ni ya tarehe ngapi?"

Nilimwambia, tena kwa sauti, kwamba mtu si kipepeo. Wazee wengi wa kwetu wanaishi hapa na watoto wao na afya zao ni njema, na nadhani kuwafananisha na wadudu ni kuwakosea. Mama akasema yeye hajafananisha kitu. Ana watoto wa madrasa wanaomngoja, ana kaburi la mumewe la kupalilia, na ana deni la mchango wa kikundi cha akina mama tangu Mei. Kaka alipopiga simu usiku ule, alimjibu vivyo hivyo, kisha akamuuliza habari za mkewe.

Aliondoka Novemba 9. Ile fomu ingali katika droo, sijaichana.

Mwezi Machi monaki wa kwanza alipita akitoka kusini, mbawa zimechakaa, akataga juu ya asklepia ya asili iliyokuwa imechipuza mapema kuliko visiki. Nilimwambia mama kwenye simu. Hakushughulika naye sana. Alitaka kujua habari za mdimu.

"Wamo wawili," nikamwambia.

"Waache," akasema. "Wa huku nimewaacha pia, wamenibakishia matawi matatu."